Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa mashindano ya vijana: mtoto akiumia, atoke lini?

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

Nimeshakuandikia mara mbili, na mara zote katibu wako alipokea barua akaniambia nisubiri. Nimesubiri tangu ligi ya chini ya miaka 13 ianze. Baada ya Jumamosi siwezi tena.

Mechi yetu ilianza saa nane mchana, jua la utosi. Kipindi cha pili kilipoanza tu, mwanangu alishika paja akakaa chini. Akainuka, akawa anakimbia huku anaburuta mguu. Kocha akamwita mwenzake wa benchi, naye akaenda kusimama mstari wa katikati. Mshika kibendera akainua kibendera juu kwa mikono miwili. Mpira ukatoka, ukarushwa. Ukatoka tena, ikawa goli kiki. Ukatoka mara ya tatu, ikawa kona. Kila mara mwamuzi anapunga mkono: bado. Kocha alipouliza, kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, akajibu kwamba kwa watoto mabadiliko ni wakati wa mapumziko au baada ya goli. Goli halikupatikana. Yule mtoto alibaki amesimama pale mstarini, soksi amezivuta hadi magotini, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Mwanangu akamaliza mechi kwa mguu ule ule.

Leo ni Jumatano, hajaenda shule. Tabibu wa zahanati amesema msuli umechanika. Genge langu nimelifunga siku tatu, Mheshimiwa, na genge ndilo linalolipa mchango wa jezi mlioutaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wiki mbili kabla, uwanja ule ule, kwa kamisaa mwingine, tulibadilisha mtoto kwenye mpira wa kurusha na hakuna aliyesema neno. Ila siku hiyo mtoto wetu mwingine alitoka damu puani, akabadilishwa. Damu ilipokata akataka kurudi, akaambiwa aliyetoka ametoka. Hivi sheria ni ipi? Au kila kamisaa anakuja na yake?

Kocha wetu alinisomea Sheria ya 3 ya mpira wa miguu kwenye simu yake. Mchezaji wa akiba anaingia mpira ukiwa umesimama, mwamuzi akishajulishwa, anayetoka akishatoka, na mwamuzi akishatoa ishara. Kusimama ni kusimama: kurusha, goli kiki, kona, faulo. Haikutajwa goli wala mapumziko peke yake. Na sheria hiyo hiyo inaziachia nchi nafasi ya kuruhusu, katika soka la vijana, mchezaji aliyetoka arudi tena uwanjani. Waliotunga sheria wamewafikiria watoto. Sisi tuliokaa nao tumeshindwa?

Nilipomweleza kamisaa, alinijibu kwamba wao zamani walicheza mechi nzima bila kubadilishwa na hawakufa. Kombe la Dunia lenyewe liliachana na utaratibu huo mwaka 1970 kule Mexico. Wanaume wazima leo wanabadilishwa hadi watano, ruhusa iliyoanza 2020 wakati wa Uviko-19 na kuwa ya kudumu 2022. Mtoto wa miaka 12 anyimwe nini?

Nadhani chanzo ni hofu ya mamluki. Najua wapo makocha wanaopenyeza vijana wenye ndevu kupitia benchi, na pengine makamisaa wameona dawa ni kubana mabadiliko. Lakini majina na picha hukaguliwa kabla ya filimbi ya kwanza. Aliyekaguliwa akapita, kumzuia asiingie kunamkomesha nani? Sijui kama ndiyo sababu. Hakuna aliyewahi kutueleza.

Nikukumbushe kikao cha wazazi kabla ya ligi, pale darasani, tulipokaa kwenye madawati ya watoto. Ulisimama mbele ukatuahidi kwamba kila mtoto aliyeandikishwa atacheza. Tulipiga makofi, mimi nikiwa mmojawapo. Hadi leo wapo watoto wanne kwenye timu yetu ambao wamesugua benchi mechi zote, kwa sababu kocha anaogopa kumtoa mtu asiyeweza kumrudisha. Mama zao wananiuliza mimi.

Nilikuwa na mengi ya kuomba: saa ya kuanzia mechi, maji, huduma ya kwanza. Yote nayaweka pembeni. Naomba karatasi moja, yenye sahihi yako, iseme mabadiliko yanaruhusiwa kila mpira unaposimama, na aliyetoka anaweza kurudi. Ibandikwe kila uwanja, kila kamisaa awe na nakala yake. Tafadhali, Mheshimiwa, kabla ya Jumamosi. Mwanangu hatacheza, lakini wenzake watakuwepo.

Wako,
Mama wa jezi namba 8