Inapasha upande mmoja tu? Usiitupe hiyo maikrowevu

Jamani, kila mara tunaletewa maikrowevu mtu anasema imekufa, inapasha huku kule baridi, tukiikagua magnetroni (kile kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha) nzima kabisa, kilichokufa ni kile kimota kidogo cha chini kinachozungusha sahani, au kimota kizima ila kile kiungo cha plastiki cha katikati kimemeguka. Basi.

Sasa kwanini kutozunguka tu kulete balaa lote hilo? Mawimbi yakitoka kwenye magnetroni yanagonga kuta za bati, bati haliyanyonyi linayarudisha, kwahiyo humo ndani yanayokwenda na yanayorudi yanakutana. Kilele kikipanda juu ya kilele yanaongezeana nguvu, kilele kikiangukia bonde yanafutana, na sehemu hizo zinakaa palepale hazihami. Wimbi la maikrowevu, la gigahezi 2.45, lina urefu wa kama sentimita 12, so doa moja la moto mpaka lingine ni kama sentimita 6. Ukitaka uone mwenyewe, zuia sahani isizunguke, weka chokoleti bapa, washa sekunde 20 hivi: itayeyuka madoamadoa na katikati ya madoa bado ngumu. Sahani ikizunguka chakula kinapitishwa kwenye hayo madoa kwa zamu, ndio kazi yake.

Halafu vitu havinyonyi sawa. Maji ndio yanakunywa sana, molekuli zake zina upande chanya na upande hasi, wimbi linazigeuzageuza zinasuguana na wenzake joto linatoka. Kwenye glasi mawimbi yanapita tu. Barafu inanyonya kidogo mno kwasababu molekuli zimeshikana, ndio maana nyama iliyoganda pembeni inaanza kuiva ndani bado jiwe, pale palipoyeyuka kwanza ndio panazidi kunyonya! Tumia difrosti, ile seti ya kuyeyusha vilivyoganda, inawaka na kupumzika ili joto lisambae lenyewe.

Na tafadhali sana usiiwashe tupu, nguvu ikikosa wa kuinyonya inairudia magnetroni, hapo ndio unaua kitu chenyewe.

Ukituletea tunaanza na kikombe cha maji, dakika moja, yakipata moto tunajua shida iko kwenye kuzunguka na hiyo ni kazi ndogo, mara nyingi unasubiri unaondoka nayo. Ila usifungue bodi mwenyewe hata kama umechomoa waya ukutani, kapasita ya ndani, kile kifaa kinachotunza umeme, inaweza kubaki na volti elfu mbili na zaidi, na hiyo inaua mtu.