Salamu za Krismasi, na Shukrani kwa Walionipa Damu

Ndugu, jamaa, majirani wetu wa Buruburu na marafiki mlio karibu na mlio mbali, nawasalimu kwa jina la Mola aliyetufikisha sote mwezi huu wa Desemba. Mwaka jana wakati kama huu salamu za nyumba yetu ziliandikwa na mume wangu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimelazwa na sikuwa na nguvu hata za kushika kalamu. Mwaka huu naziandika mwenyewe, na kwangu hilo pekee ni sikukuu.

Wengi wenu mlichanga fedha zilizonipeleka India kupandikizwa uboho, na tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza, kwa adabu na kwa kunong'ona, ni jambo gani hasa nililofanyiwa huko. Mna haki ya kujua mchango wenu ulifanya kazi gani, basi nitaeleza.

Uboho ni ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, na humo ndimo damu yote inamotengenezwa: chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe ndogo zinazogandisha damu mtu anapojikata. Lukemia iliyonipata ni saratani ya uboho huo. Dawa za kemotherapi nilizopewa hapa Nairobi ziliusukuma ugonjwa nyuma, lakini madaktari walisema wazi kwamba ungerudi, na kwamba tumaini la kudumu lilikuwa kuutoa uboho wangu na kuweka wa mtu mwingine anayelingana nami. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mwenzake. Ndugu zangu wote walijitokeza kupimwa bila kuombwa mara mbili, na aliyepatikana ni kitindamimba wetu, yule niliyembeba mgongoni nikiwa msichana wa shule ya msingi.

Najua wengi mliamini kwamba angepasuliwa uti wa mgongo au kuvunjwa mfupa, na mama yetu hakulala kwa hofu hiyo. Hakuvunjwa chochote. Alidungwa sindano kwa siku kadhaa ili seli shina, yaani zile seli mama zinazozaa chembe zote za damu, zitoke ubohoni na kuingia kwenye mkondo wa damu, kisha akaketi kando ya mashine iliyovuta damu kutoka mkono mmoja, ikazichuja seli hizo, na kuirudisha damu iliyobaki kupitia mkono wa pili. Saa hizo zote alikuwa akitazama mpira kwenye simu, na alipomaliza aliomba biriani.

Wakati huo mimi nilikuwa nimepewa dawa kali zilizoumaliza uboho wangu wote, hata ikawa mwili wangu hauwezi kutengeneza damu yake wenyewe. Kisha muuguzi akauleta mfuko mdogo wa seli za ndugu yangu, akautundika, ukadondoka tone kwa tone kwenye mshipa, sawasawa na mtu anavyoongezwa damu katika hospitali yoyote. Hakukuwa na kisu wala mshono. Seli hizo, zikishaingia kwenye mkondo wa damu, hutafuta zenyewe njia ya kwenda mifupani, zikafika, zikakaa, zikaanza kazi. Sijaacha kulistaajabia jambo hilo, na sitaki kuacha.

Daktari wangu alinieleza kwamba njia hii ilifunguliwa na daktari Mmarekani aitwaye E. Donnall Thomas, ambaye mwaka 1957 alichapisha habari za wagonjwa wa kwanza kuingiziwa uboho wa watu wengine kupitia mshipa. Wagonjwa wale hawakuishi muda mrefu, na kwa miaka mingi wenzake wengi waliona kwamba kazi hiyo haina mwisho mwema, lakini yeye hakuiacha, na mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Joseph Murray, aliyetangulia katika kupandikiza figo. India ilianza upandikizaji wa uboho mwaka 1983 katika hospitali ya Tata Memorial mjini Mumbai. Majirani zetu wa Tanzania walianza Muhimbili mwaka 2021. Wakenya wengi bado husafiri, wakiuza mashamba na kuita harambee, na katika sala zangu za mwaka mpya nitaomba siku ije ambapo mtoto wa Kayole au wa Kawangware atatibiwa ugonjwa huu huku mama yake akienda kumwona kwa matatu.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu, na sitazirefusha. Kinywa kilijaa vidonda, chakula hakikupita, homa ilipanda, na kila asubuhi tulisubiri hesabu ya chembe nyeupe kutoka maabara. Ndugu yangu alikuwa akisimama nje ya kioo cha chumba na kuuliza kwa sauti ya mkurugenzi wa benki, "Habari za tawi langu la India? Limefunguliwa leo?" Siku hesabu ilipoanza kupanda alitangaza kwamba tawi limefunguliwa, akawagawia wauguzi wote peremende, na wale wauguzi wakacheka pamoja nasi ingawa hawakuwa wameelewa neno lolote. Wapo wanaofikiri kwamba kucheka karibu na mgonjwa ni kumvunjia heshima. Mimi nimelala katika kitanda hicho, nami nashuhudia kwamba kicheko cha mtu anayekupenda huingia mahali ambapo maneno ya pole hayafiki.

Tuliporudi nyumbani ndipo vituko vilipozidi. Mtu akipandikizwa uboho wa mwenye kundi tofauti la damu, baada ya muda kundi lake hubadilika likawa la aliyempa. Mimi nilizaliwa na kundi A na leo ni kundi O kama kitindamimba wetu. Zaidi ya hapo, kwa kuwa yeye ni mwanamume, damu yangu ikipimwa kromosomu huonekana kuwa damu ya kiume, ingawa mwili wangu wote uliobaki ni ule ule. Ndugu yangu aliposikia hivyo alisimama mbele ya ukoo na kutoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba sasa nina haki ya kuketi na wazee wakati wa kupanga mahari ya binti ya shangazi, nisiachwe tena jikoni na masufuria. Ya pili ni kwamba mahari yangu mwenyewe ihesabiwe upya, kwa kuwa shemeji amepata mke aliyeongezewa thamani bila kulipa hata mbuzi mmoja. Mume wangu alimsikiliza kwa utulivu hadi mwisho, akajibu, "Shemeji, nimekubali. Na kwa kuwa damu yako ndiyo inayoishi katika nyumba hii, karo ya Januari tutagawana sawa." Mzee mmoja alicheka mpaka akaishika fimbo yake kwa mikono miwili, na hoja ile ya mbuzi haijarudishwa kikaoni hadi leo.

Kinga yote niliyokuwa nayo ilifutika pamoja na uboho wa zamani, kwa hiyo nimeanza kupewa upya chanjo nilizodungwa utotoni. Chanjo zenye virusi hai, kama ile ya surua, zitangoja mpaka miaka miwili ipite na daktari aridhike. Ndiyo maana tunaogopa mafua ya mgeni kuliko watu wengine wanavyoogopa wezi. Binti yetu mdogo amejiteua kuwa askari wa mlangoni. Ana chupa ya dawa ya mikono, ana barakoa za akiba, na ana maswali ambayo hamna budi kuyajibu kabla ya kuvuka kizingiti. Mzee wa kanisa alipokuja kutuombea akapiga chafya kwenye ngazi, mtoto huyo alimwambia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, tafadhali tuombee ukiwa hapo hapo." Mzee akaomba akiwa kwenye ngazi, sala ndefu na nzuri, majirani wa juu na wa chini wakaitikia amina. Namshukuru mzee huyo kwa moyo wake mpana, na namshukuru binti yangu kwa ushupavu wake.

Kuhusu chakula cha Krismasi, niwaondolee wasiwasi. Chapati nakula, pilau nakula, na nyama ya mbuzi nakula mradi iwe imeiva kabisa hadi ndani. Kachumbari mbichi bado sijaruhusiwa, wala maziwa yasiyochemshwa, wala balungi, kwa kuwa tunda hilo huvuruga dawa ninayotumia kuzuia seli za ndugu yangu zisiushambulie mwili wangu. Mamamkwe, ambaye kila Desemba hunitumia kibuyu cha maziwa lala kutoka mashambani, mwaka huu ametuma viazi vitamu na ujumbe kwamba kibuyu changu kimeoshwa na kinaningoja. Naomba pia msiniletee maua ya chungu, kwa sababu udongo hubeba kuvu ambazo mapafu yangu hayajawa tayari kukutana nazo, na hii ndiyo sababu mnaniona nimevaa barakoa ninapopita karibu na majengo yanayojengwa, ambayo hapa Nairobi ni kusema kila mahali.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike kwa urefu huu. Ndugu yangu alinipa seli, nasi tunamjua, tunamkumbatia na kumpikia. Lakini kabla ya kusafiri, na baada ya kupandikizwa, niliishi kwa damu ya watu ambao sitawajua kamwe. Mifuko ya chembe nyekundu ilikuja, ikaisha, ikaja mingine. Chembe za kugandisha damu huhifadhiwa kwa takriban siku 5 tu, kwa hiyo zile zilizonizuia nisitokwe na damu ubongoni zilitolewa na mtu aliyeketi kwenye kiti cha wachangiaji wiki ile ile, akakunja mkono wa shati, kisha akaenda zake kazini. Mtu huyo hakuniuliza kabila langu wala chama changu. Huenda tumepishana Tom Mboya Street nami sikumsalimu.

Hapa Kenya sehemu kubwa ya damu hutolewa na wanafunzi wa shule za sekondari, na shule zikifungwa Desemba akiba hupungua, katika mwezi ule ule ambao barabara zinajaa magari na ajali huongezeka. Mwaka jana, usiku wa kuamkia Krismasi, nilikuwa kitandani nikisubiri mfuko wa chembe za kugandisha damu, na mume wangu alikuwa kwenye simu akimpigia kila mtu ambaye hakuwa amesafiri. Vijana wa mtaa wetu, ambao wengine huwaona wamekaa tu kwenye kona, ndio waliofika wa kwanza. Nawashukuru kwa majina yenu moyoni, nanyi mnajijua.

Kwa hiyo zawadi ninayoiomba kwenu nyote ni hii: kabla hujapanda basi pale Machakos Country Bus au Nyamakima, pita kwenye kituo cha damu ukatoe. Mwenye afya, aliye kati ya miaka 16 na 65 na mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza. Huchukuliwa mililita 450 hivi, na mwili wa mtu mzima una takriban lita 5. Mwanamume anaweza kutoa tena baada ya miezi 3 na mwanamke baada ya miezi 4. Ukitoka hapo utapewa soda na biskuti, na utafika mashambani ukiwa mzima.

Nawakumbuka pia wale tuliokuwa nao katika wodi ile na hawakurudi. Mmoja alikuwa kijana Mkenya, mwenye sauti nzuri ya kuimba, ambaye hakuwa na ndugu aliyelingana naye kikamilifu. Duniani wameandikishwa watu zaidi ya milioni 40 walio tayari kutoa seli zao kwa wasiowajua, lakini wenye asili ya Afrika ni wachache mno miongoni mwao, na mgonjwa wa kwetu hutafutiwa katika orodha hiyo ndefu asipatikane mtu. Mama yake alinipigia simu Novemba kuniuliza naendeleaje. Tafadhali muwekeni mama huyo katika sala zenu za Krismasi, hata bila kumjua jina.

Kesha la Mwaka Mpya sitahudhuria, kwa sababu ya umati, lakini nitalifuata kupitia redio, na nitaimba. Wanaopenda kunitembelea karibuni tarehe 26 Desemba kuanzia saa nne asubuhi, wachache wachache, madirisha yakiwa wazi. Mwenye kikohozi au mafua apige simu tu, tutaongea hata saa nzima. Mwenye afya aje na njaa, maana ndugu yangu ameahidi kupika biriani mwenyewe, na ametuonya kwamba atakayeikosoa atakuwa ametukana damu ya nyumba hii.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwenu nyote, na asanteni sana.

Dada yenu, Buruburu, Nairobi