Kwenu mnaojifunza Kikorea: shikeni kitenzi kwanza

Wanangu,

Salamu nyingi. Baadhi yenu mmevutwa na tamthilia, wengine mnauwania ufadhili wa serikali ya Korea, ule ambao kwa kawaida hutoa mwaka mmoja wa lugha kisha unamdai mwanafunzi ngazi ya 3 ya TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea, kabla ya kuanza shahada. Kila mmoja na sababu yake. Makosa, hata hivyo, ni yaleyale, ndiyo maana nawaandikia wote pamoja.

Hangul, yaani alfabeti ya Kikorea, isiwachukulie muda. Herufi za msingi ni 24, konsonanti 14 na irabu 10, na Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446 akiwakusudia watu wa kawaida, si wasomi. Jipeni wiki moja, kisha acheni kabisa kuandika Kikorea kwa herufi za a-be-che. Ukiendelea nazo, 어 na 오 zote utaziandika "o", na 으 utaigeuza "u", na sikio litafuata mkono. Kwa 으, tamka "u" yetu, kisha vuta midomo pembeni kama kwa "i" huku ulimi ukibaki palepale. Halafu kuna 달 (mwezi), 탈 (kinyago) na 딸 (binti). Wa Mombasa mnaotenganisha kaa la moto na kaa wa baharini kwa pumzi tu, mmeshapiga hatua. Wengine shikeni kipande cha karatasi mbele ya mdomo: kwa 탈 kiruke, kwa 딸 kitulie tuli.

Sasa tuje kwenye kitenzi, maana hapa ndipo wengi mnapokwama. Sisi tunapanga mambo mbele ya mzizi: ni-li-mw-ona. Mkorea hupachika nyuma, kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na nafsi haimo. Kanuni yenyewe ni fupi. Ondoa 다 ya mwisho wa umbo la kamusi. Irabu ya mwisho ya mzizi ikiwa ㅏ au ㅗ, weka 아요. Ikiwa nyingine, weka 어요. 하다 (kufanya) huwa 해요. Basi 받다 (kupokea) ni 받아요, 먹다 (kula) ni 먹어요. Shida ni kwamba 입다 (kuvaa) hutoa 입어요, lakini 춥다 (kuwa baridi) hutoa 추워요. 닫다 (kufunga) ni 닫아요, ilhali 듣다 (kusikia) ni 들어요. Ukilitazama umbo la kamusi peke yake huwezi kujua lipi litabadilika. Kwa hiyo msikariri kitenzi kimoja kimoja. Andikeni jozi, 듣다/들어요, pamoja na sentensi fupi moja, tangu siku ya kwanza.

Kwa kuwa kitenzi hakina "ni-" wala "u-", mnajaza 저는 (mimi) kila sentensi. Likishaeleweka, liacheni. Baya zaidi ni 당신 mnalolitumia kwa "wewe": kwa mtu usiyemzoea linaweza kuwa tusi. Mwiteni kwa cheo, kama 선생님 (mwalimu), au msimtaje kabisa. Heshima nayo huingia ndani ya kitenzi: mtoto 자요 (analala), lakini bibi 주무세요 (analala, kwa heshima). Kusema 저는 주무세요 ni sawa na kujiamkia shikamoo mwenyewe.

은/는 na 이/가, silabi zinazobandikwa nyuma ya nomino, zinawatisha bure. Mtu akiuliza 누가 왔어요? (nani amekuja?), jibu ni 동생이 왔어요, yaani mdogo wangu ndiye aliyekuja. 동생은 왔어요 ni "mdogo wangu, yeye amekuja", na msikilizaji atangojea habari za wengine. Palipo na "ndiye", anzeni na 이/가.

Saa inawateleza mara mbili. Saa tisa na nusu alasiri ni 세 시 삼십 분: kwanza hesabu yao inasema tatu, si tisa, pili, saa huhesabiwa kwa 하나, 둘, 셋, ila dakika kwa 일, 이, 삼.

Msamiati ukusanyeni kwa koo, yaani kwa familia za maneno. 학 ya kusoma iko ndani ya 학교 (shule), 학생 (mwanafunzi), 대학 (chuo kikuu) na 방학 (likizo ya shule). Maneno kumi kwa siku yanatosha, mradi ya jana yarudiwe kabla ya mapya.

Kuhusu mtihani: TOPIK I ina alama 200, 80 hukupa ngazi ya 1, 140 ngazi ya 2. Hauna kuandika, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Ngazi ya 3 huanzia alama 120 kati ya 300 za TOPIK II, na humo kuna insha, swali la 54, ya silabi 600 hadi 700. Insha hiyo huandikwa kwa mtindo wa -다: 먹는다, 춥다, si 먹어요 wala 추워요. Anzeni kuuandika miezi mitatu kabla, aya moja kila jioni, na mpeni mwalimu asahihishe miisho tu.

Ni mimi,
Mwalimu wenu mzee