Malalamiko kuhusu mgawo wa nafasi uliokosewa katika mbio za tano za Jumamosi

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

KUH: MFUKO WA NAFASI NA MFUKO WA TRIFEKTA, MBIO ZA TANO, JUMAMOSI ILIYOPITA

Bwana Meneja,

Sisi ni wateja wa tawi lenu la Mombasa, tunaobeti farasi wa Afrika Kusini kupitia mfuko wenu wa pamoja. Tunadai tofauti ya malipo ya nafasi (dau kwamba farasi ataingia kati ya wa kwanza wanaolipwa) kwa farasi namba 3 na namba 7, na marejesho ya tiketi za trifekta (kutabiri watatu wa kwanza kwa mpangilio wao) zilizokuwa na namba 6. Kaunta walitujibu kwamba namba 3 alilipa 1.00, yaani dau lenyewe bila faida, kwa sababu alibetiwa na watu wengi mno. Jibu hilo si sahihi, na tunaomba mfuatilie hesabu hii mpaka mwisho.

Kwanza msingi, kwa sababu makeshia wenu wanachanganya mambo mawili. Mtu akibeti kwa odi za kudumu, yaani malipo yaliyopangwa tangu anapobeti, anashindana na kampuni: akishinda, kampuni inamlipa kutoka kwake yenyewe. Kwenye mfuko wa pamoja kampuni haishindani na mtu yeyote. Madau yote yanaingia kapu moja, ninyi mnatoa makato yenu, na kinachobaki ni mali ya wenye tiketi zilizoshinda, ukiacha zile senti zinazopotea mgawo, yaani malipo kwa kila shilingi, unaposhushwa hadi senti kumi kamili. Ashinde farasi anayependwa, ashinde yule asiyetajwa na mtu, makato yenu hayabadiliki. Ndiyo maana wengi waliozoea dirisha la tote, yaani la mfuko wa pamoja, pale uwanja wa Ngong wanauamini mfuko kuliko odi za kudumu, na ndiyo maana kosa la hesabu kwenye mfuko ni zito kuliko linavyoonekana. Ikilipwa pungufu, fedha iliyobaki haina mwenyewe mwingine wa kuichukua ila kampuni.

Hatulalamikii odi kushuka dakika ya mwisho. Tunajua namba inayoonekana kwenye skrini kabla ya mbio ni makadirio tu, kwamba madau ya matawi yote huingia kwa kishindo farasi wakiwa wanaelekea getini, na kwamba mgawo halisi haujulikani mpaka mfuko ufungwe. Malalamiko yetu ni juu ya kilichofanyika baada ya mfuko kufungwa.

Farasi walioandikishwa walikuwa 8. Namba 6 aligoma kuingia kwenye geti la kuanzia akaondolewa, wakakimbia 7. Kanuni zenu, zilizobandikwa ukutani hapo tawini, zinasema: wakikimbia 8 au zaidi zinalipwa nafasi tatu, wakikimbia 5 hadi 7 zinalipwa nafasi mbili, farasi akiondolewa, madau yake yanarudishwa, makato ya mfuko wa nafasi ni asilimia 20 ya madau yaliyobaki, mfuko safi unagawanywa sawasawa kwa kila farasi aliyepata nafasi, na mgawo kwa kila shilingi unashushwa hadi senti 10 kamili iliyo chini yake.

Skrini yenu ya mwisho, baada ya mfuko kufungwa, ilionyesha jumla ya shilingi 300,000 kwenye mfuko wa nafasi. Kati ya hizo, 36,000 zilikuwa za namba 6, 80,000 za namba 3 aliyeshinda, na 12,000 za namba 7 aliyekuwa wa pili. Picha ya skrini hiyo tumeiambatisha.

Kwa kanuni zenu, hesabu inakwenda hivi. Mnatoa 36,000 za kurudishwa, zinabaki 264,000. Makato ya asilimia 20 ni 52,800, kwa hiyo mfuko safi ni 211,200. Nafasi ni mbili, kila moja inapata 105,600. Namba 3: 105,600 kugawanya kwa 80,000 ni 1.32, inashushwa kuwa 1.30. Namba 7: 105,600 kugawanya kwa 12,000 ni 8.80 kamili, haina cha kushushwa.

Mlilipa 1.00 na 5.60.

Tumezitafuta namba hizo zilikotoka, na njia moja tu inazifikia zote mbili. Makato yalikatwa kwenye 300,000 nzima, yaani 60,000, kabla madau ya namba 6 hayajatolewa. Ukitoa hizo 60,000 na zile 36,000 za namba 6, zikabaki 204,000. Kisha zikagawanywa mara tatu badala ya mara mbili, kila fungu 68,000. Ukigawa 68,000 kwa 12,000 unapata 5.66, na ikishushwa ni 5.60. Ukigawa 68,000 kwa 80,000 unapata 0.85, na kwa kuwa hakuna mgawo unaoruhusiwa kuwa chini ya dau, mfumo ukaipandisha hadi 1.00. Hiyo 1.00 ndiyo iliyompa keshia wenu dhana kwamba mfuko ulikuwa hasi. Haukuwa hasi. Mfuko huwa hasi pale ambapo fungu la farasi halitoshi kurudisha hata madau aliyowekewa, na hapa fungu halali la namba 3 lilikuwa 105,600 dhidi ya madau ya 80,000.

Kwa maneno mengine, orodha ya washindi ilihesabiwa kwa farasi 7, ndiyo maana mwenye tiketi ya namba 2, aliyeingia wa tatu, hakulipwa kitu, na hilo ni sawa. Lakini mgawanyo wa fedha ulihesabiwa kwa farasi 8. Fungu la tatu, shilingi 68,000, halikwenda kwa mtu yeyote. Inaelekea idadi ya mafungu hupangwa mfuko unapofunguliwa asubuhi, na haibadiliki farasi anapoondolewa getini baada ya mfuko kufungwa, ilhali sehemu ya matokeo hupokea taarifa mpya. Farasi akiondolewa mapema, saa moja kabla, kosa hili halijitokezi, na pengine ndiyo sababu halijagunduliwa. Mafundi wenu walikague hasa hapo.

Mlibaki na kiasi gani? Mfuko baada ya marejesho ulikuwa 264,000. Mlilipa 80,000 kwa namba 3 na 67,200 kwa namba 7, jumla 147,200. Mkabaki na 116,800. Haki yenu ilikuwa 52,800 za makato na 1,600 za kushushia (senti 2 kwa kila shilingi ya zile 80,000), yaani 54,400. Shilingi 62,400 zilizozidi ni za wateja. Mwenye tiketi ya 500 kwa namba 3 alirudishiwa 500 badala ya 650. Mwenye tiketi ya 200 kwa namba 7 alipewa 1,120 badala ya 1,760.

Tunatarajia huenda mtu wa ofisini akasema kuna njia nyingine ya kukokotoa nafasi. Ipo kweli, na inatumika sana Marekani: madau ya farasi waliopata nafasi hutolewa kwanza kwenye mfuko safi, faida inayobaki ndiyo hugawanywa kwa mafungu sawa, kisha kila mtu hurudishiwa dau lake juu ya faida. Kwa njia hiyo, 211,200 ukitoa 92,000 zinabaki 119,200, kila fungu 59,600. Namba 3 angelipa 1.70 na namba 7 angelipa 5.90. Njia hiyo humnufaisha aliyebeti farasi anayependwa, ya kwenu humnufaisha aliyebeti asiyependwa, na kampuni ina uhuru wa kuchagua mojawapo ilimradi iitangaze. Lakini hakuna kati ya hizo mbili inayotoa 1.00.

Kuhusu kushusha, hatudai zile 1,600. Kanuni iko wazi na tuliikubali, ingawa tungependa mfikirie upya: jimbo la Kentucky, Marekani, limefuta mtindo huo tangu 2022, na huko mgawo hulipwa mpaka senti moja. Tunachosisitiza ni kwamba kushusha kuwe hatua ya mwisho kabisa, mara moja tu, kwenye mgawo wenyewe.

Trifekta haina maelezo mengi. Tiketi ya boksi ya farasi wanne, yaani inayoshinda watatu kati yao wakiingia wa kwanza kwa mpangilio wowote, ina michanganyiko 24. Mmoja wao akiwa namba 6 na akaondolewa, wanabaki watatu wenye michanganyiko 6, na ile 18 iliyomhusisha namba 6 inatakiwa irudishwe. Kwa dau la shilingi 20 kwa kila mchanganyiko, mteja alilipa 480 na anastahili kurudishiwa 360, hata kama ile michanganyiko 6 haikushinda. Kaunta walizikataa tiketi hizo wakisema zimeliwa. Madau hayo nayo yanatakiwa kutolewa kwenye mfuko wa trifekta kabla ya makato, kwa hiyo huenda hata mgawo wa trifekta uliotangazwa si sahihi. Fungueni hesabu yake muione, kwa sababu skrini haionyeshi madau ya kila mchanganyiko na sisi hatuwezi kuikagua kutoka nje.

Tunaomba yafuatayo ndani ya siku 14. Mgawo wa nafasi wa mbio hizo utangazwe upya kuwa 1.30 na 8.80, na tofauti iingizwe moja kwa moja kwenye akaunti za waliobeti kwa simu. Waliobeti kwa fedha taslimu walipwe kwa tiketi, au kwa namba ya tiketi iliyoko kwenye mfumo wenu, kwa kuwa wengi waliacha tiketi kaunta walipolipwa. Kumbukumbu za mfumo za siku hiyo, kuanzia mfuko kufunguliwa hadi malipo ya mwisho, zihifadhiwe na zisifutwe. Mbio nyingine ambazo farasi aliondolewa getini, na idadi ikashuka kutoka 8 hadi 7, zikaguliwe vilevile.

Na kuanzia sasa, baada ya kila mbio, onyesheni kwenye skrini jumla ya mfuko, marejesho, makato, mfuko safi, madau ya kila farasi aliyelipa, na mgawo kabla ya kushushwa. Mashine ya kujumlisha madau ya mhandisi George Julius iliyofungwa uwanja wa Ellerslie, New Zealand, mwaka 1913, iliendeshwa kwa nyaya na vyuma vizito, nayo ilionyesha hadharani madau ya kila farasi na jumla kuu. Mfumo wenu wa kompyuta hauwezi kushindwa na hilo.

Tusipopata jibu lenye hesabu ndani ya muda huo, tutaipeleka barua hii pamoja na picha na nakala za tiketi kwa mamlaka inayowapa leseni. Jibu litakalorudia kwamba farasi alibetiwa sana hatutalihesabu kuwa jibu.

Wenu,
Wateja wa mfuko wa pamoja, tawi la Mombasa

Viambatisho: picha ya skrini ya mwisho ya mfuko wa nafasi, picha ya kanuni zilizobandikwa tawini, nakala za tiketi za nafasi na trifekta.