Kwa Nini Malipo ya Gari Hukawia Benki Wakati wa Sikukuu

Kila sikukuu zinapokaribia, ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Mombasa hupokea swali lile lile kutoka kwa wateja wanaoagiza magari Japani: pesa zilishatoka kwenye akaunti yangu, mbona muuzaji anasema hajaziona? Mara nyingi muuzaji husema kweli, na benki nayo haijakosea.

Unapotuma dola kutoka benki ya Nairobi hadi benki ya Yokohama, taarifa ya malipo inaweza kufika kwa sekunde chache, lakini fedha zenyewe huhamishwa kupitia akaunti ambazo benki hizo zinazo kwa benki washirika, na kwa dola akaunti hizo kwa kawaida huwa New York. Kwa hiyo malipo mamoja hufuata kalenda tatu, ya Kenya, ya Marekani na ya Japani, na benki za nchi yoyote kati ya hizo zikifungwa, malipo hukaa pale yalipofika.

Tazama kalenda ya mwaka 2026. Mteja anayefika benki alasiri ya Alhamisi, Aprili 30, baada ya saa ya mwisho ya kupokea malipo ya nje, agizo lake husubiri siku ya kazi inayofuata. Ijumaa ni Mei Mosi, kisha Jumamosi na Jumapili. Jumatatu, Mei 4, Nairobi na New York ziko kazini, lakini Japani imo katika mfululizo wa sikukuu uitwao Golden Week, na benki za huko hazifunguliwi hadi Alhamisi, Mei 7. Wiki nzima imekwisha bila mtu yeyote kuzembea. Mwisho wa mwaka huwa mgumu zaidi, kwa kuwa sisi tunafunga Desemba 25 na 26 pamoja na Januari 1, nao Wajapani hufunga benki kuanzia Desemba 31 hadi Januari 3.

Amana za hapa nchini nazo hukwama, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Hundi inayowekwa jioni ya Alhamisi kabla ya Pasaka huanza kushughulikiwa Jumanne, na kiasi kinachozidi shilingi milioni 1, ambacho hakiruhusiwi kulipwa kwa hundi, hupitia RTGS, mfumo wa Benki Kuu wa kuhamisha fedha nyingi kati ya benki, ambao hufuata siku za kazi. Isitoshe, kuna sikukuu zinazotangazwa ghafla: Novemba 1, 2024, siku ya kuapishwa kwa Naibu Rais, ilitangazwa kuwa ya mapumziko siku moja tu kabla. Hapo hata mpangaji hodari hana la kufanya. M-Pesa haina likizo, lakini kikomo chake cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja kinatosha ada yetu, si bei ya gari.

Kinachoumiza ni kwamba muuzaji huzuia hati ya shehena, yaani B/L, hadi salio lilipwe, ilhali gari likishateremshwa na siku za bure kuisha, ada ya kulihifadhi huhesabiwa hata siku ya Krismasi. Kwa maoni yetu, benki zingewasaidia wateja sana kama zingebandika saa ya mwisho ya malipo ya nje mlangoni badala ya kumwambia kila mtu kwamba pesa zitafika leo.

Tunawaomba wateja wetu watume salio Jumatatu au Jumanne ya wiki inayotangulia sikukuu, na waiombe benki nakala ya ujumbe wa malipo wa SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana taarifa za malipo (ujumbe huo uliitwa MT103 hadi Novemba 2025), ambayo humwezesha muuzaji kufuatilia malipo kupitia benki yake. Tafadhali usitume mara ya pili kwa wasiwasi, kwa sababu marejesho hupitia njia hiyo hiyo ndefu. Muuzaji akikuandikia ghafla kwamba akaunti yake imebadilika, mpigie kwa nambari uliyokuwa nayo tangu mwanzo kabla ya kulipa. Ukitutumia nakala hiyo ya ujumbe wa SWIFT, tutaanza kuandaa nyaraka za forodha, ila gari halitatoka mpaka B/L itufikie.