Risala ya Klabu ya Reptilia na Amfibia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Klabu za Shule, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wanachama wenzangu nakukaribisha shuleni kwetu na katika jiji letu la Tanga. Wenzetu wa klabu nyingine wamekuandalia ngoma na maigizo, nasi tumeyafurahia. Sisi tumekuja na daftari hili nililolishika, lenye tope kwenye jalada na kurasa zilizokunjamana kwa mvua. Karibu kila nitakachosoma kimetoka humu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu hii ilizaliwa siku tuliyoua nyoka. Alionekana nyuma ya ghala la mahindi, wa rangi ya kahawia, na kabla hata hatujamtazama vizuri alikuwa ameshapigwa mawe. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuja, akamwokota, akampasua mbele yetu. Tumboni mwake kulikuwa na panya mzima. Akatueleza kwamba yule ni nyoka wa majumbani, hana sumu, na chakula chake kikuu ni panya. Wiki ileile mpishi alikuwa amelalamika kwamba panya wanatoboa magunia. Wanafunzi sita tulibaki darasani jioni ile tukimuuliza mwalimu maswali hadi kengele ya chakula ikalia. Kesho yake tukamwomba awe mlezi wetu.

Tangu hapo kazi yetu kubwa imekuwa kusikiliza. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na watu huitumia methali hiyo kumwambia mwenzao asijali maneno yasiyo na maana. Sisi tumekaa kando ya bwawa lililo nyuma ya shule vuli mbili na masika mbili, tukizisikiliza kelele hizo, na tumeona zina maana kubwa.

Tunatoka saa moja na nusu usiku, baada ya Magharibi na chakula, wawili wawili, mlezi mbele. Tukifika tunazima tochi na kunyamaza dakika 5. Mgeni husikia kelele moja tu kubwa. Dakika hizo zikipita, sikio linaanza kupambanua. Yupo chura mdogo wa kwenye matete, anagonga kama fundi bati: tak, tak-tak. Yupo mwenye milia ambaye badala ya kuruka hutembea kwa hatua, na sauti yake ni "pwop" moja, kama kizibo kinachochomolewa chupani; akishaita, mwenzake wa ng'ambo anamjibu. Yule mkubwa wa mabaka, ambaye wengi wenu mnamjua kwa sababu huja hadi barazani kula wadudu chini ya taa, anakoroma. Wanaoita ni madume, na kila spishi ina wito wake ili jike asimkosee mwenzake gizani. Kwa hiyo ukizijua sauti unajua nani yupo bwawani bila kumshika hata mmoja. Tunaandika tarehe, saa, kama mvua imenyesha, na waliosikika.

Katika wote, tunayempenda zaidi ni chura wa povu. Mchana hukaa juani juu ya tawi, na ngozi yake hugeuka nyeupe ili jua lisimkaushe. Usiku wa mvua, jike hupanda kwenye tawi lililoinama juu ya maji, hutoa ute, kisha huupiga kwa miguu ya nyuma kama mtu anayepiga mayai kwenye bakuli, mpaka linatokea povu kubwa jeupe. Madume hukusanyika kumzunguka. Mayai hutagwa humo ndani. Juu povu linakauka na kuwa gamba, ndani linabaki na unyevu, na baada ya siku chache viluwiluwi wanalainisha sehemu ya chini na kudondoka majini mmoja mmoja.

Nasema majini, Mheshimiwa, kwa sababu jike alichagua tawi lile akitegemea kwamba chini yake kuna maji. Upande wa mashariki wa bwawa letu umekuwa ukijazwa kifusi na taka ili upatikane uwanja wa kujenga. Masika iliyopita matawi ya upande ule yalikuwa bado na mapovu. Tulisimama pale asubuhi na tukawaona viluwiluwi wakidondoka juu ya matofali yaliyovunjika. Tulijaribu kuwaokota kwa majani na kuwapeleka kwenye maji. Wachache tuliwahi. Ukurasa wa siku hiyo kwenye daftari una mstari mmoja tu, maana aliyekuwa anaandika alishindwa kuendelea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu tulipata pia safari moja ya kwenda Amani, wilayani Muheza, na naomba uniruhusu nikae hapo kidogo. Wengi tuliozaliwa Tanga mjini tulikuwa hatujawahi kupanda milima ile, ingawa tunaiona kila siku anga likiwa safi. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa biolojia na kilimo Amani mwaka 1902, na mwaka 1997 msitu ule ukawa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini. Wataalamu wametoka mbali kuja kuchunguza viumbe wa Usambara. Mmoja wao, Arthur Loveridge, alikusanya nyoka, mijusi na vyura wa milima hii, na mwaka 1928 ikachapishwa kazi aliyoshirikiana na Thomas Barbour kuwalinganisha na wale wa Uluguru. Tuliona aibu kidogo kwamba mtu aliyezaliwa Wales alijua zaidi kuhusu vyura wa Muheza kuliko sisi ambao Muheza tunapita tukienda Dar es Salaam.

Usiku wa kwanza tulimwona kinyonga mwenye pembe tatu. Dume ndiye mwenye pembe, jike hana. Jina lake la kisayansi limebeba jina la Derema, palepale jirani na Amani. Kinyonga akilala hupauka, kwa hiyo ukimmulika usiku anaonekana kama jani jeupe kwenye ncha ya tawi, wakati mchana unaweza kupita mara kumi usimwone. Mwenzetu mmoja, ambaye nyumbani kwao kinyonga akionekana watoto hukimbizwa ndani, alimwangalia kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Chini, kwenye majani makavu, tulionyeshwa kinyonga mwingine mdogo anayelingana na jani lililokauka; ukimgusa hutetemeka. Yule hatukumgusa. Mwongozaji wetu alituambia tu, nasi tukaamini.

Lakini aliyetubadilisha mawazo ni chura mdogo anayejulikana kwa jina la Tornier, mwanasayansi wa Kijerumani. Darasani tumefundishwa kwamba chura hutaga mayai, mayai huwa viluwiluwi, viluwiluwi huwa vyura. Chura huyu hatagi. Anazaa. Watoto wake hutoka wakiwa vyura kamili, wadogo mno, bila kupitia dimbwi lolote. Anaishi katika misitu ya milima yetu hii, na katika kitabu chetu cha kidato cha pili hatajwi.

Ndugu yake mnamfahamu: chura wa Kihansi. Naye huzaa. Alikuwa akiishi katika eneo dogo sana la korongo la Mto Kihansi, mahali palipoloweshwa saa zote na manyunyu ya maporomoko. Mradi wa umeme ulipochukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakapungua, na baadaye ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukaingia. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 waliozaliwa kwenye matunzo wakaanza kurudishwa korongoni. Tunajua wapo waliocheka kwamba chura anapandishwa ndege. Sisi tuliposoma habari hiyo tulihesabu miaka: mwaka 1996 ndipo wanasayansi walipomgundua, na miaka 13 tu baadaye alikuwa hayupo porini. Kama wangechelewa kumtafuta, angekwisha bila hata kuwa na jina.

Na milima ile si ya vyura peke yao. Maji tunayokunywa Tanga mjini yanatoka Mto Zigi, kupitia bwawa la Mabayani, na Zigi unaanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Kijito tulichokuta vyura wakilia kandokando yake ndicho kinachofika kwenye bomba la bwenini kwetu.

Mheshimiwa, kuhusu nyoka nitasema waziwazi, kwa sababu wazazi wetu wengine wana hofu na klabu hii. Hatushiki nyoka. Si mlezi, si mwanachama. Tunajifunza kuwatambua kwa mbali: kifutu mnene anayelala njiani na hakimbii, swila anayetema sumu, koboko, chatu, nyoka ukuti. Na tunafundisha huduma ya kwanza, kwa sababu hapa ndipo tunapoona watu wakiumia bure.

Mjomba wa mwenzetu mmoja ni mkata mkonge. Aling'atwa na kifutu kwenye kidole cha mkono. Wenzake kwa nia njema walimfunga kamba ngumu, wakamchanja kwa wembe, wakambandika jiwe jeusi, na saa nyingi zikapita kabla hajafika hospitali. Yu hai, alhamdulillahi, lakini vidole viwili hana. Sumu ya kifutu hula nyama. Ukiifunga kwa kamba inabaki palepale ikila, na damu haipiti. Kinachotakiwa ni kumtuliza mgonjwa, kuvua pete na saa, kukifunga kiungo kwa banzi kisitikisike, na kumwahisha kwenye kituo chenye dawa ya sumu ya nyoka. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi safi, mara moja. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kung'atwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na linakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Wengi ni wakulima na watoto wao, watu kama sisi. Tumeyasema haya katika mitaa mitatu ya jirani, kwa mabango tuliyochora wenyewe.

Tumefika Pangani pia, ingawa kwa siku moja tu. Kisiwa cha Maziwe kilikuwa na miti na kasa walitaga humo kwa wingi. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado hurudi kutaga, kwa hiyo mayai huhamishwa na kufukiwa upya ufukweni Ushongo. Tungependa kurudi msimu wa kuanguliwa.

Hatufugi mnyama yeyote. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na hata tungekipata tusingefuga. Watoto wa mtaani huja na kinyonga amefungwa uzi wakitaka kutuuzia. Hatununui, maana ukinunua mmoja kesho wanaletwa kumi. Tunakwenda nao hadi alipookotwa, wanamwachia wenyewe, na majina yao yanaingia daftarini kama wasaidizi wetu. Wawili kati yao sasa wanatambua sauti za vyura kutushinda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu ni nyingi lakini nitataja zile tunazoamini unaweza kutusaidia. Tuna tochi za kichwani mbili na gambuti jozi tatu kwa wanachama wote, kwa hiyo wengine hubaki bwenini kwa zamu. Sauti tunazirekodi kwa simu ya mlezi, nayo hujaa. Usafiri wa kwenda Amani tulichangiwa na wazazi, na waliokosa mchango hawakwenda. Hilo lilituuma, na hatutaki litokee tena. Tunaomba utusaidie vifaa hivyo na basi moja kila mwaka.

Tunaomba pia utufikishie sauti panapohusika, dawa ya sumu ya nyoka iwepo kwenye vituo vya afya vilivyo karibu na mashamba, ili mkata mkonge asilazimike kusafirishwa hadi mjini na mkono umeshavimba.

Na ombi letu kubwa ni bwawa. Nusu yake bado ina maji. Tunaomba kifusi kisimame hapo kilipofika, na nusu iliyobaki itambuliwe rasmi kuwa sehemu ya kujifunzia ya shule yetu na majirani. Tumechora ramani yake kwa kupima kwa hatua, tukaonyesha kila tawi tulilokuta povu. Mwenyekiti wetu atakukabidhi nakala mara baada ya risala hii.

Jana jioni wingu lilitanda kutoka baharini, na leo tangu asubuhi hewa ni nzito. Mvua ikinyesha tutakuwa bwawani saa moja na nusu usiku. Jozi moja ya gambuti tumeiosha kwa ajili yako, na tochi ina betri mpya. Karibu sana, Mheshimiwa.

Naomba kuwasilisha.