Kwa vijana wa Soy na Mosop, Mlima Elgon

Wanangu na wajukuu zangu,

Nasikia wengine wenu hapo Kopsiro na Cheptais mnamtaja Matakwei, aliyeongoza wapiganaji wa SLDF, kama shujaa. Mwaka 2006 wengi wenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni, kwa hiyo siwalaumu. Lakini nisikilizeni.

Ugomvi wetu, Soy na Mosop, koo mbili za Wasabaoti, ulianzia kwenye orodha ya majina ya wanaogawiwa mashamba. Mwaka 1971 serikali ilianza kuwateremsha Wamosop kutoka Chepkitale, juu mlimani, na kuwaahidi mashamba kwenye mpango wa makazi wa Chebyuk, uliogawanywa kwa awamu. Wasoy nao waliingia humo, hawa wamepewa, wale wamenunua. Kila awamu ikaja na upimaji wake: huyu anaondolewa, yule anawekwa. Awamu ya Tatu ilipokatwakatwa vipande vya ekari mbili na nusu, aliyekuwa amelima miaka mingi alikuta jina lake halimo. Wanasiasa wakapanda juu ya hasira hiyo, kura zikapigwa, wao wakashuka. Sisi tukabaki nayo.

Ndipo ikazuka SLDF (Sabaot Land Defence Force), kundi lenye silaha, lile mlilosikia tukiliita Janjaweed. Walisema wanatetea ardhi ya Wasabaoti. Basi mbona waliwatoza kodi Wasabaoti, wakawakata masikio Wasabaoti? Waliouawa wanakadiriwa kupita 600, na maelfu walihama. Wabukusu majirani zetu hawakusalimika pia. Machi 2008 likaja jeshi na Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa, mwenye hatia na asiye nayo, wakapelekwa kambi ya jeshi ya Kapkota, wakapigwa vibaya. Kuna waliopotea kabisa. Mwezi Mei Matakwei naye akauawa. Na shamba? Hakuna ekari moja iliyopatikana kwa damu ile ambayo mwenyewe anaweza kulala juu yake kwa amani.

Mtu akija usiku kuomba mchango wa kutetea ardhi, au kuwalisha kiapo, mwambieni aje mchana barazani, aseme mbele ya mama zenu. Mpimaji akirudi, dai orodha isomwe hadharani jina kwa jina, Soy na Mosop mkiwa mmekaa pamoja, na nakala ibaki kwenu. Chifu akikataa, andikeni mkatie sahihi wote.

Tena kuna akina mama hapa ambao hawajui waume zao wamelala wapi. Bila cheti cha kifo, mambo ya shamba la marehemu yanawakwamia ofisini. Ninyi mmesoma. Wasindikizeni Bungoma, mkawajazie hizo fomu.